Kosa la Picha Lirekebishwe Wapi? Mjadala wa Sauti Tatu Juu ya Kamera Ndogo ya Dijitali

Kamera ndogo ya dijitali, yaani ile inayoingia mfukoni na ambayo lenzi yake haibanduliki, ilitawala soko la kamera duniani kabla ya simu kuipokonya nafasi hiyo, na mwaka 2010 pekee watengenezaji wa Japani waliisafirisha kwa idadi iliyozidi milioni 100. Wanaoitumia hadi leo hukutana na kasoro zile zile zilizowasumbua walioinunua wakati huo: bi harusi aliyetoka na sura nyeusi tii penye ukuta mweupe, mtoto aliyetikisika hata hatambuliki, macho mekundu, ukumbi uliogeuka manjano. Kuhusu tiba ya kasoro hizo pana kambi mbili, moja ikishikilia kwamba kosa lizuiwe kabla kitufe hakijabonyezwa, na nyingine kwamba kompyuta ndiyo mahali pake. Ubishi huo haukuanza na dijitali. Mafundi wa enzi ya filamu, muda mrefu kabla ya kompyuta kufika mezani, walikuwa na desturi ya kugusagusa negativu kwa penseli ili kulainisha ngozi, na kisiwani Lamu mpigapicha Omar Said Bakor alijulikana kwa kukata vipande vya picha mbalimbali na kuviunganisha vikawa picha moja.

Mjadala ufuatao umepangwa katika sauti tatu. Fundi ni mpigapicha mkongwe wa studio aliyehama kutoka filamu kwenda dijitali. Mhariri ni kijana anayesafisha na kurekebisha picha za wateja kwa kompyuta. Mwalimu hufundisha fizikia, naye ameitwa ili maneno ya kitaalamu yasibaki bila maelezo.

FUNDI: Kasoro nyingi za kamera ndogo huzaliwa kabla ya picha kupigwa, na hapo ndipo zinapotakiwa kuzuiwa. Kamera haipimi mwanga unaomwangukia mtu. Hupima ule unaorudi kutoka kwake na kutoka kwa kila kilicho nyuma yake, kisha programu yake, ambayo haijui harusi wala msiba, hukisia kwamba mandhari yote, weupe na weusi wake vikichanganywa, ni kijivu cha wastani, yaani kijivu kinachorudisha karibu asilimia 18 ya mwanga unaokifikia. Bi harusi mwenye gauni jeupe akisimamishwa penye ukuta wa chokaa wa Mji Mkongwe, kamera huona mwanga umezidi na kuupunguza hadi ukuta uwe wa kijivu, na sura yake, ambayo tangu mwanzo ilirudisha mwanga mchache kuliko ukuta, huzama gizani. Wanawake waliovaa mabuibui wakikusanyika katika chumba chenye mapazia mazito, hutokea kinyume chake: kamera huongeza mwanga, mabuibui yakachujuka na nyuso zikapauka. Dawa imo ndani ya kamera yenyewe, katika kitufe chenye alama za kuongeza na kupunguza, ambacho chaweza kuitwa kifidia mwangaza kwa sababu hufidia makisio ya mashine. Hatua moja kamili ya kuongeza huufanya mwanga uwe maradufu, hatua moja ya kupunguza huukata nusu, na kamera nyingi za aina hii huruhusu hatua mbili kila upande, kwa theluthi theluthi. Ukuta mweupe huhitaji hatua moja ya kuongeza au zaidi. Mabuibui huhitaji kupunguziwa theluthi mbili hivi. Mwenye kamera akionyeshwa jambo hilo mara moja hasahau.

MHARIRI: Mzee anazungumza kana kwamba wageni watasubiri. Bi harusi huvuka mlango mara moja, na anayeshika kamera mara nyingi ni shangazi au mpwa ambaye amekabidhiwa dakika ile ile. Kumtaka atafute kitufe cha kuongeza na kupunguza huku vigelegele vinapigwa ni kumtaka aikose picha yenyewe. Kompyuta haina haraka. Isitoshe, Fundi anaitetea picha asili ambayo haipo. Kihisi-mwanga, yaani kile kibao kidogo nyuma ya lenzi kinachopokea picha, kina mamilioni ya vitone viitwavyo pikseli, na kila kitone hufunikwa kichujio cha rangi moja tu, kwa mpangilio uliobuniwa na Bryce Bayer wa Kodak na kupewa hataza mwaka 1976: nusu ya vitone huona kijani, robo nyekundu na robo bluu. Maana yake ni kwamba theluthi mbili ya thamani za rangi katika picha inayoitwa asili zimekisiwa kwa hesabu. Baada ya hapo kamera hunoa kingo, hufuta chenga na kubana faili. Mhariri wa kwanza yumo ndani ya kamera, na hakuna aliyemlalamikia. Kwa nini wa pili alaumiwe?

MWALIMU: Hoja ya Bayer ni sahihi, lakini haithibitishi kinachodaiwa, kwa sababu kukisia rangi ya kitone kutokana na majirani zake waliopokea mwanga ni tofauti kabisa na kukisia sura ambayo haikupokea mwanga wa kutosha. Kihisi cha kamera ndogo za kawaida kina upana wa milimita 6.2 hivi na kimo cha milimita 4.6, ilhali kile chenye ukubwa wa fremu ya filamu ya zamani kina milimita 36 kwa 24, yaani eneo lake ni karibu mara 30. Uwanja huo mdogo hukusanya mwanga mchache, na mwanga unapokuwa mchache, tofauti ndogondogo za bahati katika kuupokea huonekana kama chenga. Tena faili ya JPEG, ambayo ndiyo aina ya pekee inayotolewa na kamera nyingi ndogo, hugawa kila moja ya rangi tatu katika ngazi 256, kuanzia 0 hadi 255. Sura iliyozama ikibanwa ndani ya ngazi 20 za chini, na programu ikazitandaza zifike 80, bado ni ngazi 20 zilizoachana mapengo, na chenga zimekuzwa pamoja nazo. Ndiyo maana shavu lililonyanyuliwa kutoka gizani hutoka na mabaka ya zambarau na kijani. Upande wa juu hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa penye 255 hapana habari yoyote, na nakshi za gauni zilizofika huko zimekwisha. Hapo Fundi naye anabanwa: akiongeza hatua moja na nusu ili kuokoa uso, huenda akaipoteza nakshi.

FUNDI: Nakshi ipotee, uso ubaki. Gauni likitakiwa kuonekana lipo kabatini, lakini uso wa siku ile haupo mahali pengine popote.

Kauli hiyo ya Fundi ina uzito unaozidi ufupi wake, na inafaa mjadala usimame hapo kidogo. Kijivu cha asilimia 18 ni wastani wa hesabu usiomdhuru mtu peke yake, ila historia ya picha za rangi inaonyesha kwamba wastani huchaguliwa na watu, na waliochagua walikuwa na nyuso fulani mbele yao. Maabara za kusafisha filamu za Kodak zilipelekewa kadi za kulinganishia rangi zenye picha ya mwanamke mweupe, zilizojulikana kama kadi za Shirley, na mashine zilirekebishwa hadi ngozi yake itoke vizuri. Ngozi nyeusi zilipita katika mashine hizo hizo zikatoka kama zilivyotoka. Mtafiti wa Kanada Lorna Roth, katika makala yake ya mwaka 2009, alieleza kwamba miongoni mwa waliolalamika mapema juu ya udhaifu wa filamu katika rangi za kahawia walikuwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, ambao bidhaa zao hazikuonekana vyema katika matangazo. Ni jambo la kuhuzunisha kwamba malalamiko ya mbao na peremende yalisikika kwa namna ambayo ya watu hayakusikika. Dijitali haikuufuta urithi huo moja kwa moja. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walichapisha utafiti juu ya programu za kutambua jinsia kwa kutazama uso, wakakuta kwamba katika programu iliyofanya vibaya zaidi makosa kwa wanawake weusi yalifika karibu asilimia 35, ilhali kwa wanaume weupe programu zote zilikosea kwa chini ya asilimia 1. Programu hizo si za kamera ndogo, lakini kanuni ni ile ile: mashine hukisia vizuri kile ilichofunzwa kukiona.

MHARIRI: Historia hiyo inaithibitisha kazi ya mhariri. Kama makisio ya mashine yamepinda, basi anayekaa baadaye na kuitazama picha kwa jicho la mtu anayemjua bi harusi ndiye anayeyanyoosha.

FUNDI: Anayanyoosha kwa kutumia nini? Mwalimu amekwisha kusema kwamba ngazi 20 hubaki 20. Kitufe cha kuongeza huleta mwanga wenyewe ndani ya kamera, ambapo kompyuta huleta makisio juu ya makisio. Na huyo shangazi anayehofiwa kwamba hawezi: awashiwe flashi kwa lazima, asiiachie kamera iamue, kwa sababu saa sita mchana jua la karibu na ikweta huwa juu ya utosi, nayo macho hufichwa na kivuli cha paji la uso au cha ukingo wa pama, wakati kamera ikiona jua kali haina sababu ya kuwasha flashi yenyewe. Flashi ya mchana hujaza kivuli hicho, na hakuna programu inayofanya kazi hiyo sawasawa na taa.

MWALIMU: Mradi asimame karibu. Mwanga wa flashi hupungua kwa mraba wa umbali: kinachomfikia mtu aliye mita 4 ni robo ya kinachomfikia aliye mita 2, na kwa aliye mita 8 ni sehemu moja ya kumi na sita. Flashi ya kamera ndogo humaliza nguvu ndani ya mita chache, hivyo anayempiga picha mgeni rasmi kutoka viti vya nyuma vya ukumbi huangazia visogo vya waliokaa mbele yake, na kamera, ikidhani imepata mwanga, huliacha jukwaa gizani. Ukumbini flashi izimwe, kiwango cha wepesi wa kihisi, kinachoandikwa ISO, kiongezwe hata kama chenga zitaonekana, na kamera iegemezwe kwenye nguzo au mgongo wa kiti.

Juu ya picha zilizotikisika wajadili hao hawakutofautiana. Mtikisiko una asili mbili zinazochanganywa mno: mkono uliocheza, ambao huivuruga picha yote, na mtu aliyecheza, ambaye huvurugika peke yake huku kuta zikibaki zimetulia. Kituliza-picha kilichomo katika kamera nyingi hutibu asili ya kwanza tu. Mchezaji wa ngoma akipigwa usiku kwa shata iliyofunguka robo sekunde atavurugika hata kamera ikiwa imefungwa kwenye stendi ya miguu mitatu. Kwa mkono, kubonyeza kitufe nusu, kusubiri kisanduku cha kijani kinachoonyesha kwamba lenzi imelenga, ndipo kukimalizia taratibu, huondoa sehemu kubwa ya tatizo na pia huufupisha ule ucheleweshaji unaofanya mtoto atoke kwenye fremu kabla picha haijachukuliwa. Mhariri mwenyewe alikiri kwamba kunoa picha kwa kompyuta huchora mstari wa giza na wa mwanga pembezoni mwa kingo, na jicho hudanganyika kwa umbali, lakini kope zilizofutika hazirudi.

Katika rangi, hata hivyo, Mhariri alisimama mahali imara.

MHARIRI: Balbu ya waya hutoa mwanga wa kelvini 2,800 hivi, kelvini kikiwa kipimo cha rangi ya mwanga, jua la mchana karibu 5,500, na kivuli chini ya anga tupu 7,000 au zaidi, ambapo picha hugeuka bluu. Jicho la binadamu hulinganisha lenyewe. Kamera hujaribu, kwa kile kinachoitwa mizania ya weupe, na mara nyingi hukosea penye balbu. Kosa hilo huathiri picha nzima kwa mwelekeo mmoja, kwa hiyo programu ikielekezwa kwenye kitu kinachojulikana kuwa cheupe, kanzu kwa mfano, hurudisha mambo yote mahali pake kwa mara moja. Hapo hakuna sura inayobuniwa.

FUNDI: Alama ya balbu imo kwenye menyu ya kamera, na kuichagua huchukua muda mfupi kuliko kuiwasha kompyuta.

MWALIMU: Iwapo taa ni za aina moja. Chumba chenye mchana unaoingia mlangoni na balbu inayowaka ndani kina nyeupe mbili, na hakuna chaguo moja la menyu wala la kompyuta litakaloziridhisha zote. Taa itazimwa au mtu atasogezwa mlangoni. Pia Mhariri aangalie kwamba katika picha ya manjano sana rangi ya bluu huwa imeshuka ngazi za chini, na kuivuta juu huleta chenga zile zile zilizotajwa kwenye shavu.

Kwa maoni ya mwandishi, ushindi wa Mhariri hapa ni wa kweli, ingawa si kamili, na unaenea pia kwenye upeo wa macho uliopinda, unaonyoka kwa kuzungushwa kidogo, na kwenye macho mekundu. Wekundu huo ni mwanga wa flashi uliogonga tabaka lenye damu nyingi nyuma ya jicho na kurudi moja kwa moja kwenye lenzi, kwa sababu katika kamera ndogo flashi na lenzi vimeachana kwa sentimita chache tu. Ukaribu huo huo huzaa miduara myeupe inayoelea hewani katika picha za usiku, ambayo watu wengine wameihusisha na mizimu: ni chembe za vumbi au matone ya mvua yaliyo karibu sana na lenzi, yakaangazwa na flashi yakiwa nje ya shabaha ya lenzi. Kuifuta miduara hiyo ni kazi ndogo, na kuiepuka kwa kuzima flashi ni ndogo zaidi. Ukungu wa kutoka kwenye chumba chenye kiyoyozi na kuingia kwenye hewa nzito ya Dar es Salaam au Mombasa hauhitaji mjadala; kamera ibaki ndani ya mfuko wake hadi ipate joto la nje, na isifutwefutwe.

Jambo lililowasha sauti ni mpaka wa matengenezo yenyewe.

FUNDI: Mwaka 2006 shirika la habari la Reuters liligundua kwamba mpigapicha wake Adnan Hajj alikuwa ameongeza moshi kwa kompyuta katika picha ya Beirut iliyoshambuliwa, likaachana naye na kuziondoa picha zake zote 920 kwenye hazina yake. Mwaka 2015 shirika hilo hilo liliwataka wapigapicha wa kujitegemea wapeleke faili za JPEG zilizotoka hivyo ndani ya kamera. Wenye dhamana ya ukweli wameamua.

MHARIRI: Wameamua juu ya habari. Tena waliyoichagua ni JPEG, ambayo ni faili iliyokwisha kuhaririwa na kamera, na bado wanaruhusu kukatwa pembezoni na kurekebishwa mwanga kwa kiasi. Familia inayotaka picha ya bibi yao iondolewe kivuli cha puani haimdanganyi mtu.

FUNDI: Kivuli kiondolewe. Swali ni ngozi inayowekwa mahali pa kivuli inatoka wapi, kwa sababu zipo programu sasa ambazo, zikipewa uso uliozama au kutikisika, huchora uso mwingine wenye vinyweleo na kope, kwa kufuata nyuso nyingi zilizofunzwa, na familia hupewa picha safi ya mtu ambaye hakuwahi kuwapo.

Mhariri hakulijibu hilo haraka, na jibu lake lilipokuja lilikuwa la kukubali sehemu: kuhamisha ngazi zilizorekodiwa ni kazi yake, kuleta zisizorekodiwa ni uchoraji, na uchoraji utajwe kuwa uchoraji kwa mteja kabla hajalipa. Huo ndio mpaka ambao mwandishi huyu anauona kuwa wa haki, na unapaswa kusemwa kwa sauti kubwa zaidi katika vyumba vya kusafishia picha, ambako marehemu mwenye picha moja tu duniani huletwa na watoto wake wakiomba aonekane vizuri. Watoto hao wana haki ya kujua ni sehemu ipi ya uso walioutundika ukutani ilikuwa ya mzazi wao. Ila mpaka huo, ukishakubaliwa, unaurudisha mjadala kwa Fundi, kwa kuwa kila ngazi ambayo Mhariri anaruhusiwa kuihamisha ni lazima iwe imerekodiwa kwanza.

MHARIRI: Basi na Fundi aache desturi yake ya kufuta picha papo hapo. Inayoonekana kuwa nyeusi juani pengine ina ngazi za kutosha, na mara nyingi mteja huambiwa imeharibika kumbe haijaharibika. Faili asili isifutwe, na kazi ifanywe kwenye nakala, kwa sababu JPEG hupoteza kitu kila inapohaririwa na kuhifadhiwa upya.

MWALIMU: Kioo cha inchi 3 juani hakiaminiki kwa upande wowote, na usiku hudanganya kinyume, kwani huonekana angavu kuliko picha ilivyo. Kamera nyingi zina chati inayoonyesha ni pikseli ngapi zipo katika kila ngazi, kuanzia giza kushoto hadi mwanga kulia. Rundo likigandamana na ukingo wa kushoto, giza limemeza kitu, likigandamana na wa kulia, mwanga umeunguza kitu. Chati hiyo ndiyo ya kusomwa.

FUNDI: Kufuta kutaachwa. Lakini chati huhesabu ukuta, gauni na mazulia pamoja, na uso wa bi harusi katika picha ya watu wengi ni sehemu ndogo sana ya hesabu hiyo, hata waweza kuzama na chati isitikisike. Aliyekwisha kupiga abonyeze kitufe cha kukuzia, auvute uso huo peke yake ujaze kioo, akiweka kiganja juu yake kuzuia jua, na kama macho hayaonekani aongeze hatua moja na kupiga tena, watu wakiwa bado wamepanga mstari.